Meno ya Mnadi na Nyama ya Wakwe

Kuna watu wanaosema "samahani" kwa urahisi kama wanaopiga chafya, na kuna Fundi Meno. Tangu afungue karakana yake nyuma ya duka la dawa, hakuna aliyepata kumsikia akisema amekosea, na waliojaribu kumsaidia aseme waliondoka na malalamiko yao mkononi. Ukimpelekea meno ya bandia ukamwambia yanakuuma, atayapokea kwa adabu, atayageuzageuza chini ya taa, atapuliza vumbi lisilokuwepo, kisha atakurudishia na kusema kwa upole kabisa, "Meno hayana neno. Ni ufizi wako." Kauli hiyo ilikwisha kuwa mali ya mtaa mzima. Mtoto akianguka na baiskeli, wenzake humwambia baiskeli haina neno, ni goti lako.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fundi alikuwa fundi kweli. Daktari wa ghorofani aling'oa, yeye wa chini akaweka, na wengi walioingia kwake wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja walitoka wakicheka hata na wasiowajua. Alikaa siku nzima kwenye meza yake ya mbao iliyojaa nta, plasta na tupa ndogondogo, nyuma yake rafu iliyopangwa mataya ya plasta, kila taya na mwenyewe. Watu wengine humtambua mtu kwa sura au kwa sauti. Yeye alimtambua kwa taya. Akionyeshwa picha ya harusi hatazami bibi harusi wala bwana harusi, ataweka kidole kwa shangazi wa safu ya nyuma na kusema, "Ile kazi yangu."

Mbele ya karakana alikaa binti yake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda. Yeye ndiye aliyepokea wateja na kusugua meno yaliyokwisha tengenezwa mpaka yang'ae. Na yeye ndiye aliyewafariji waliotoka ndani wakiwa wameambiwa habari za fizi zao. Alikuwa na ulimi laini, na alikuwa nao kwa sababu nyumba ile ilihitaji angalau wawili wenye ulimi laini, yeye na mama yake, ili kusawazisha.

Sasa, siku moja aliingia mzee mmoja aliyeitwa Mnadi, kwa kuwa kunadi ndiyo kazi yake. Watu wakihama, yeye huuza vitanda, makabati na majiko yao hadharani, kwa sauti ambayo aliye upande wa pili wa ukuta naye hutaja bei. Meno yalipomwisha, sauti ilibaki lakini maneno yakawa yanamvuja, na makabati mazuri yakaanza kuuzwa kwa bei ya kuni. Fundi akamtengenezea meno mapya, juu na chini. Siku ya kuyavaa, Mnadi alisimama mlangoni akakinadi kiti cha karakana kwa mzaha, na mpita njia mmoja nusura akinunue.

Fundi akavimba kichwa. "Kwa meno haya, mzee," akasema, "utatafuna hata mbavu za ng'ombe. Yakikushinda, nafunga karakana."

Ni kauli ambayo mtu mwenye busara angemnong'oneza mteja aliye bubu. Yeye alimwambia mtu ambaye kazi yake ni kurudia mambo kwa sauti kubwa, na haikuchukua muda mji mzima ukawa unaijua.

Mzee huyo alikuwa akisindikizwa na mtoto wa marehemu mdogo wake, kijana mtaratibu, fundi wa majokofu. Baada ya meno kukabidhiwa, kijana akarudi kuuliza kama yalowekwe kwenye maji ya baridi au ya vuguvugu. Akarudi tena kuuliza kama maji yafunikwe. Akarudi kuuliza kama kifuniko kiwe na tundu. Fundi akampenda sana. "Vijana wa siku hizi hawajali wazee," alimwambia mkewe, "lakini huyu, anavyoyahangaikia meno ya baba yake mkubwa, Mungu ambariki." Mkewe akamtazama kwa huruma, kisha akamweleza kuwa kijana hayahangaikii meno, anamhangaikia Kitinda, na Kitinda ndiye anayemwambia kesho aulize nini.

Fundi alinuna siku mbili tatu, kwa ajili ya heshima tu, halafu akakubali. Mnadi naye alikubali hata kabla ya kuulizwa. Ila kulikuwa na Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa dada wa kijana, na tangu wazazi wao wafariki ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfunza hata kufunga kamba za viatu. Kijana asingeoa bila baraka zake, na alilisema hilo waziwazi. Naye Dada Mkubwa alikuwa amesita. Hakuwa na ubaya na Kitinda. Alikuwa na shaka na baba. "Nimesikia habari zake," alimwambia mdogo wake. "Ni mtu asiyejua kuomba radhi. Mkigombana huko ukweni, hata kama wewe ndiye uliyekosewa, nani atakwambia pole?"

Kitinda alimfikishia baba yake maneno hayo kama yalivyokuwa, bila chumvi. "Baba, anasema wewe huwezi kukubali kosa."

Fundi aliweka tupa chini. "Nikubali lipi?"

Kitinda alimtazama mama yake, na mama yake akaitazama dari.

Basi Dada Mkubwa akatoa mwaliko. Alikuwa ameacha ukarani wa bima na kufungua mkahawa wa nyama ya kuchoma, na akataka familia mbili zikutane hapo Jumapili mchana, wale, wazungumze, naye awaone. Kila mtu alielewa kuwa "awaone" maana yake amwone nani.

Fundi alifurahi mno, kwa sababu kama kulikuwa na kitu alichokipenda duniani kuliko taya lililopangika, ni ubavu wa ng'ombe uliochomwa ukaiva. Jumapili asubuhi alikataa chai ili aache nafasi. Mkewe, akimfunga vifungo vya mikono ya shati, alimwambia, "Leo, baba watoto, ukikuta jiwe kwenye chakula, limeze."

"Kwani mimi nasemaga nini?"

"Limeze, na useme ahsante."

Mkahawa ulikuwa mpya hata viti vilikuwa bado na nailoni yake, ukikaa vinakulalamikia. Ukutani palichorwa ng'ombe mkubwa anayetabasamu, kama vile hajaambiwa. Harufu ya moshi ilikuwa nzuri ajabu. Wahudumu, wote wamevaa aproni za rangi moja, waliwakaribisha kwa bashasha, wakaleta maji, wakaleta mkate, wakaondoa mkate, wakaleta maji mengine. Mnadi aliwachekesha watu kwa habari za kabati lililouzwa na paka ndani yake. Kijana alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja. Saa zikaenda. Tumbo la Fundi, ambalo halikupewa chai, lilianza kuongea peke yake, na kila lilipoongea mkewe alikohoa ili kulifunika.

Hatimaye Dada Mkubwa mwenyewe akatoka jikoni amebeba ubao mpana wa mbao. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya mtu aliyezoea kukagua nyaraka za watu, lakini siku ile jasho lilimtiririka mashavuni na kwenye kifundo cha mkono alikuwa na alama mpya ya moto. Aliuweka ubao katikati ya meza kwa mikono miwili. "Karibuni," alisema. "Nimezichoma mwenyewe. Msione haya." Akarudi jikoni haraka, kama mtu asiyetaka kuona majibu ya mtihani wake.

Mbavu zilikuwa kubwa, nyeusi, zinang'aa kwa mchuzi mtamu. Fundi akachagua yake, akainama, akauma.

Ile nyama ilimuuma na yeye. Nje ilikuwa imeungua kabisa, ganda gumu lenye ladha ya mkaa na sukari. Ndani, chini ya ganda, meno yake yakakutana na kitu cha baridi, kwa kuwa nyama ilikuwa imetoka kwenye barafu ikatupwa kwenye ndimi za moto bila kupumzika njiani. Fundi alitafuna. Akahamishia upande wa pili, akatafuna. Alitafuna mpaka akasahau alianza lini, na bado lile pande lilikuwa na ukubwa uleule, labda limeongezeka. Alijisikia kulia, si kwa hasira, kwa huzuni ya kweli ya mtu mwenye njaa aliyekuwa ameahidiwa kitu.

Akainua macho. Mkewe alikuwa anauficha ubavu wake chini ya majani ya saladi kwa ustadi wa kutisha. Kitinda alikuwa anakata vipande vidogo na kuvipanga pembeni mwa sahani. Kijana, kwa ajili ya mapenzi ya dada yake, alikuwa anameza bila kutafuna, na machozi yanamlengalenga. Fundi akafungua mdomo ili aseme jambo. Chini ya meza, kiatu cha mkewe kikapanda juu ya chake na kukaa hapo.

Wakati huo Mnadi aliushika ubavu kwa mikono yote miwili. Mnadi hakuwa mtu wa kukata vipande. Alikumbuka alichoambiwa karakana, akauma kwa imani yote, akavuta. Nyama ikakataa. Akavuta tena, kichwa kikaenda nyuma, mikono ikaenda mbele, na meno ya juu yakabaki kwenye ubavu.

Yalibaki pale yamepangika vizuri, meupe, yamesuguliwa na Kitinda kwa mkono wake mwenyewe, yanatabasamu kwa wakwe wote.

Hakuna aliyecheka. Na kwa kuwa shida hupenda kuja na wenzake, mlango wa jikoni ulifunguka papo hapo na Dada Mkubwa akatokea na ubao wa pili. Alisimama. Aliutazama ubavu, akautazama mdomo wa baba yake mkubwa, akautazama ubavu tena. Kisha akageuza macho taratibu kwa Fundi Meno. Na ukweli ni kwamba meza nzima ilikuwa imekwisha kumgeukia.

Mtu mwingine angeona aibu, lakini Mnadi alikuwa amesimama mbele ya watu maisha yake yote. Aliyachomoa meno kwenye nyama, akayasuuza kwenye glasi ya maji, akayarudisha mahali pake, akayagonga kidogo yakae. Kisha akasimama, ubavu mkononi.

"Jamani," alisema kwa ile sauti yake, na watu wa meza za mbali wakageuka. "Hapa pana kosa. Ama la nyama, ama la meno. Mimi si hakimu, mimi ni mnadi. Kwa hiyo nalinadi. Kosa moja, jipya, limetumika mara moja tu. Nani analichukua?"

Alikuwa anafanya mzaha, maskini, akidhani anaipoza hali. Hakujua alichokiweka mezani. Dada Mkubwa alikuwa amesimama wima, ubao mikononi, ameukaza kwa vidole vyote. Watu wake wote walikuwa pale, na wateja wachache aliokuwa nao wanasikiliza.

"Kosa, nasema! Mara ya kwanza!"

Fundi alikuwa na ushahidi wote kwenye sahani yake. Hakuhitaji hata kusema mengi. Angeukata tu ubavu wake katikati akawaonyesha ile nyama nyekundu yenye baridi, na karakana yake ingebaki na jina lake safi. Sentensi yake ya siku zote ilikuwa imekwisha kupanda kooni, imesimama nyuma ya meno, inasubiri mlango ufunguliwe. Na ilikuwa kweli! Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama kungekuwa na siku moja katika maisha yake ambayo meno hayakuwa na neno, ni siku hiyo.

"Mara ya pili!"

Akamtazama binti yake. Kitinda alikuwa amefumba macho na kukaza uso, kama alivyokuwa akifanya utotoni akisubiri kuchomwa sindano. Hakuwa anategemea chochote kutoka kwa baba yake. Alikuwa anangoja tu maumivu yapite. Fundi aliona hivyo, na lilimchoma kuliko njaa, kuliko nyama, kuliko jina lake.

"Langu," alisema.

Mnadi aliweka kiganja sikioni. "Wanunuzi wa nyuma hawakusikia!"

Fundi akasimama. Kiti kikalia kwa nailoni yake. "Kosa ni langu," alisema, na kila neno lilitoka kivyake, kama wageni wasiofahamiana. "Meno ya juu sikuyakaza sawasawa. Nyama haina neno."

"Limeuzwa!" Mnadi akaipiga meza kwa mfupa, maji yakaruka kwenye glasi.

Uma wa mkewe ulianguka chini na hakuuokota. Kitinda alifumbua macho. Dada Mkubwa aliuweka ubao mezani, na kwa mara ya kwanza tangu wafike akavuta kiti akakaa.

"Kweli, mzee wangu?" aliuliza. "Si nyama?"

"Si nyama, mwanangu."

"Basi chukua huu," akasema, na uso wake wote ukafunguka. Akamwekea ubavu mkubwa kuliko wote uliokuwa kwenye ubao wa pili. "Maana naona ule wa kwanza ulikuwa mdogo."

Ulimi hauna mfupa, lakini ubavu unao. Fundi Meno aliula ule ubavu. Watu wameshinda vita kwa juhudi ndogo kuliko ile. Alitafuna akitabasamu, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na kila Dada Mkubwa alipouliza kama ni tamu aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo haukuwa na nafasi.

Mkewe ndiye aliyesema ukweli, na aliusemea mahali pake. Sahani zilipoondolewa, alimfuata Dada Mkubwa jikoni kwa kisingizio cha kunawa mikono. Aliangalia jiko na mkaa wake uliorundikwa, akaangalia friza kubwa pembeni, akamshika yule mwanamke kiunoni kama mtoto wake. "Mwanangu," akamwambia, "nyama yako imetoka kwenye barafu ikaingia kwenye moto. Hata mtu ukimfanyia hivyo atakakamaa. Iache ilale nje kwanza, halafu uupunguze moto."

Dada Mkubwa aliigeukia friza. "Kwa hiyo ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa mbaya sana, mama."

"Na Fundi alijua?"

"Alijua tangu alipouma."

Dada Mkubwa alikaa juu ya kreti la soda, akalia kidogo, kisha akaanza kucheka, kwa sababu alikumbuka ule ubavu wa pili. Akafuta macho kwa aproni. Alisema kwamba mtu anayeweza kujitwika kosa lisilo lake mbele za watu, mdogo wake anaweza kwenda kwake bila hofu. Akatoka na kumwambia kijana hapohapo, mbele ya wote, kwamba amebariki. Kitinda alimkumbatia baba yake shingoni mpaka miwani ikamtoka, naye Fundi akauliza kama kuna chai.

Hapo ndipo hadithi ya watu wema ingeishia. Lakini Mnadi alikuwa bado na meno yake, na Jumatatu asubuhi akayaleta karakana.

"Nimekuja kwa marekebisho," alisema. "Si umekiri? Na karakana usiifunge kwanza."

Fundi akamkaribisha kwa kicheko cha ndani. Alikusudia kuyapitisha kwenye msasa mara moja mbili, kwa ajili ya heshima, kisha amrudishie kama yalivyokuwa. Aliyachukua, akayageuza chini ya taa, akapuliza vumbi lisilokuwepo. Halafu, kwa kuwa mara hii hakuwa anatafuta cha kujitetea, akayatazama. Ukingo wa kushoto ulikuwa umepanda. Si sana, lakini ulikuwa umepanda, na jicho la fundi haliwezi kuona kitu na kukirudisha kuwa hakijaonwa. Akamwambia Mnadi afungue mdomo. Kwenye ufizi, palepale ambapo ukingo ulikuwa ukigusa, palikuwa na alama nyekundu.

"Panauma?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Mnadi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikwambie wewe?"

Fundi alifanya kazi ile asubuhi nzima. Aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya kumletea sifa kama ya Jumapili. Mnadi alipoyavaa tena, aligonga meno yake, akapepesa macho, akasema yamekaa kama hayapo. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye ngazi za duka la dawa, akafanya kile alichozaliwa kufanya. Aliutangazia mtaa kwamba Fundi Meno amekiri kosa na amelirekebisha, wasioamini waje wapime.

Wakaja. Kwanza alikuja mwuza magazeti, ambaye kumbe alikuwa akila upande mmoja tu wa mdomo tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Akaja mama wa dobi, meno yake yamefungwa kwenye leso, hayajavaliwa tangu aambiwe habari za ufizi wake. Akaja mwalimu mstaafu aliyejizoesha kutosema maneno fulani kwa kuwa yalimkwaruza. Walijipanga kwenye benchi, kila mmoja na kifurushi chake, na Kitinda akawa anaingiza mmoja baada ya mwingine huku akiuma midomo asicheke. Fundi alipiga msasa wiki nzima. Wengine, lazima isemwe, kweli walikuwa na matatizo ya ufizi, na hao aliwaambia hivyo kwa furaha isiyofichika. Lakini wengi walikuwa na haki yao. Walikuwa wamevaa kazi yake na maumivu yake miaka yote, wakimsalimia barabarani kwa tabasamu.

Siku moja jioni alirudi nyumbani mapema, vidole vimechubuka. Mkewe alikuwa amepakua wali na maharage, mvuke bado unapanda. Fundi akakaa, hakugusa kijiko.

"Watu wana roho gani?" alisema. "Mtu anaumia mwaka hadi mwaka, ananiona kila siku, ananiuliza habari za nyumbani, hasemi! Kama wangesema, si ningerekebisha? Mimi ni nyoka? Nauma? Ni ubaya, kabisa. Kumwacha mtu katika ujinga wake ni ubaya."

Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akainuka, akanawa mikono, akageuka kando kidogo kwa haya. Aliporudi mezani aliweka kisahani mbele ya mumewe. Ndani yake palikuwa na yale meno ya mbele aliyomtengenezea mwenyewe mwaka ule alipoanguka ngazini, kazi aliyokuwa akiisifu kuliko zote, aliyokuwa akiwaonyesha wateja kwa kumwambia, "Mama watoto, hebu cheka."

"Upande wa kushoto," alisema, kiganja mdomoni.

Fundi alibaki akiyatazama. "Tangu lini?"

"Tangu uliponivalisha."

"Na hukuniambia hata wewe?"

"Nilikwambia. Mara moja."

Fundi hakuuliza alimjibu nini. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa haikuwa chafu. Meza nzima ya wakwe haikumtisha kama kile kisahani. Pale mkahawani alikuwa amejitwika kosa, lakini msamaha hakumwomba mtu, kwa kuwa alidhani hakuna mtu ambaye yeye amemkosea. Alijaribu kusema neno likakwama, akajaribu tena.

"Nisamehe," alisema.

Mkewe alimwambia chakula kinapoa. Fundi alikuwa amekwisha simama, ameyafunga yale meno kwenye leso yake safi, anatafuta viatu. Alipofika mlangoni alirudi, akaomba aone ule ufizi. Mkewe akasita, kisha akaondoa kiganja na kufungua mdomo, naye akainama chini ya taa ya sebuleni na kuutazama kwa muda mrefu, akimshika kidevu kwa vidole vyake vilivyochubuka.